Tenga Nililomnyang'anya Baba

Nakumbuka asubuhi moja kule Mgeta, mwanangu, enzi zile biashara ilipofunguliwa na malori ya kutoka Dar yakawa yanapanda mlima kugombea nyanya zetu. Kila mwenye shamba alitaka matenga ya kuzipakia, na msukaji aliyesifika alikuwa baba yangu. Mimi nilikuwa kijana mwenye nguvu na, niseme ukweli, mjinga.

Baba alikuwa amepata kiharusi, mkono wa kulia ukalegea. Mama mmoja muuguzi pale zahanati alinikalisha akanieleza: "Mkono haujafa. Kilichoumia ni ubongo upande wa kushoto, ndio unaoutuma mkono wa kulia. Upande wa kulia nao unautuma wa kushoto, na pande hizo hupashana habari ili mikono ishirikiane. Mpe kazi ya mikono miwili kila siku. Asuke, hata akiharibu."

Basi baba akawa anasuka. Mkono wa kushoto unapinda ufito wa mwanzi, wa kulia unaushikilia huku unatetemeka. Tenga moja siku tatu! Asubuhi hiyo lori likawa linapiga honi barabarani, nami nikalichukua tenga mikononi mwake.

"Baba, pumzika. Nitasuka mimi."

"Niachie, mwanangu. Jana kidole kilisogea."

"Kitasogea kesho, baba. Lori halingoji."

Akasogea kando. Kesho yake nikasema hivyohivyo, na keshokutwa, msimu mzima. Majirani wakanisifu eti namtunza mzazi. Vidole vya baba vikajikunja, vikakakamaa. Nilipomrudishia fito baada ya mavuno, zilimdondoka. Akazitazama pale chini, akasema taratibu, "Hukuninyima kazi tu. Umeninyima mkono."

Tangu hapo alikula kwa kushoto, na wageni wakija alisema ameshiba. Alikuwa hajashiba. Aliona aibu hivyo mpaka tulipomzika. Majuto ni mjukuu, wanasema. Wangu nimemlea mpaka ameota mvi.

Mwanangu, unayemuuguza usimfanyie kila kitu. Anayejifunza upya mkono wake mwache achelewe, aharibu, akasirike. Wewe kaa karibu tu. Usijidanganye kama mimi, niliyeita tamaa yangu huruma. Msamaha niliuomba kaburini, na kaburi halijibu. Mungu akujalie subira niliyoikosa, na wazazi wako wakubariki wangali hai.