Firigisi ya Kukhu

Hadi leo, nikisikia harufu ya manyoya ya kuku yakibabuliwa motoni, uso wangu hupata joto. Niwaambie kwa nini, ila msinicheke sana.

Nilikuwa darasa la nne katika shule moja ya Kitale iliyojivunia kufundisha Kifaransa. Madamu wetu hakutufundisha maneno tu, alitufundisha pia jinsi watu wanavyoishi. Siku moja aliweka sahani tupu mezani, akatuambia kwamba huko Ufaransa mgeni aliyeshiba husema "Non, merci", na mwenyeji haudhiki. Akaongeza, "Lakini kwanza angalieni mko kwa nani." Hilo la pili liliingia sikio hili likatokea lile.

Likizo ilipofika, Baba alinipeleka Bumula kumsalimu Kukhu, mama yake. Kukhu akanichinjia kuku. Mchuzi ulinukia hadi uani, lakini mimi nilikuwa nimekwisha kujaza tumbo kwa chai na ndizi. Alipopakua, aliichukua firigisi kwa vidole vyake mwenyewe, akaiweka kwenye sahani yangu. Baba akaacha kutafuna.

Nikaisukuma sahani. "Non, merci."

"Ati nini?" Kukhu akauliza.

"Ni Kifaransa, Kukhu. Maana yake sitaki," nikasema, kichwa juu, nikingoja kusifiwa.

Hakunikemea. Aliifunika kwa kibakuli, akasema, "Si atakula tu baadaye." Ikabaki pale hadi tukaondoka.

Nilikuwa mtu mzima Baba aliponieleza. Firigisi ilikuwa ya wanaume. Kukhu alizaliwa, akaolewa, akapika kuku wasiohesabika, na hakuwahi kuionja. Siku ile aliamua kwamba mjukuu wake wa kike, kwa kuwa anasoma, ataila mbele ya mwanawe wa kiume. Nami nikamrudishia, tena kwa lugha asiyoijua. Niliona aibu, na aibu hiyo sijaimaliza.

Mwaka huu nilirudi Bumula, nikamchinjia kuku mimi mwenyewe. Niliichemsha firigisi mpaka ikalainika, nikaikatakata kwa ajili ya meno yake machache, nikampa kwa mikono miwili. Akaitazama, akanitazama.

"Noni, melisi," akasema.

Alikuwa amelitunza miaka yote ile, jambo la pekee nililowahi kumfundisha. Akacheka mpaka shuka likamdondoka mabegani, kisha akaila yote, kipande baada ya kipande. Mimi nilishindwa kucheka. Niliinamia sahani yangu.