Duara Jeusi Chini ya Mfereji

Jua la Kern, wilaya ya mashamba na visima vya mafuta, halijapanda vizuri, na Nadine Urrutia ameshaliinamia gurudumu la chuma, anafungua lango la maji. Anachungulia mferejini, anatabasamu. Maji yamefika kwenye alama.

Wiki tatu zilizopita hapa palikuwa na tope tu.

Nadine, 58, ni mtunza mfereji kwa mwaka wa 26 sasa. Juni hii, maji yalianza kupotea njiani. Wakubwa wake wakatangaza: tundu lisipopatikana hadi Ijumaa, mfereji unafungwa kabisa.

"Miti yangu ina miaka kumi na minne," anasema Verlon Stancil, mwenye eka themanini za miti ya njugu aina ya pistachio mwisho wa mfereji. "Ikikauka, naanza upya na umri huu?"

Nadine alikuwa na ramani ya 1912 nyuma ya kiti cha gari, ya mifereji na visima vya mafuta. Watunza mfereji wameirithishana, kila mmoja akiongeza alama zake kwa penseli. Ukingoni mwa mfereji palikuwa na duara dogo jeusi: kisima cha mafuta kilichoachwa. Alishuku ndicho kinachomeza maji.

Mhandisi wa mfereji akalihamishia duara hilo kwenye ramani ya simu. Tingatinga likachimba kutwa, likatoa mchanga mkavu.

"Nadine, hiyo karatasi kafungie burrito yako ya mchana," Verlon akamwambia mbele ya watu.

"Niliumia, sikufichi," anasema Nadine. "Ramani ya zamani inahesabu kutoka mwanzo mwingine. Ukiibandika juu ya mpya, kila kitu kinasogea karibu mita mia. Wenzangu wa zamani walipima kutoka jiwe la mpaka."

Alhamisi alilitafuta jiwe hilo maguguni, akamkabidhi Verlon ncha ya utepe wa kupimia. "Shika, na unyamaze."

Walipochimba mita mbili pale utepe ulipoishia, likatokea bomba lenye kutu, mfuniko wake umeoza, maji yanazama ndani yake kwa kishindo. Nadine alipiga magoti kwenye tope akalia kwa furaha. Shimo likazibwa kwa saruji, na mfereji ukabaki wazi.

Ramani ina maduara mengine arobaini. Kabla ya kustaafu anataka kuyafikia yote na kuyasimikia nguzo za alama. Verlon humshikia utepe kila Jumapili, bila kuombwa.

Leo, juu ya boneti ya gari, Nadine anachonga penseli. Kando ya duara lile anaandika: *Kimezibwa. N. Urrutia.*

"Andika kubwa," anasema Verlon. "Atakayekuja asije akachimba kwa kufuata simu."