Tangazo Tulilosoma Busiu

Nimekulia Mpumudde, Jinja, katika nyumba ya Kiislamu ambako tulizungumza Kiswahili. Baba aliuza vitambaa mjini na wateja wake wengi walikuwa Wakenya. Nilipopata kazi katika ofisi ya habari ya wilaya huko Mbale, mkuu wangu alinisikia siku moja nikizungumza na dereva wa lori, akasema, "Madam, matangazo ya Kiswahili utakuwa unayasoma wewe." Sikuona uzito wowote. Yalikuwa matangazo ya chanjo, au ya mto uliofurika.

Kisha ukaja uchaguzi, na baada ya uchaguzi vurugu, na intaneti ikazimwa. Redio za mjini zilipiga muziki tu. Kutoka Kampala tuliletewa taarifa fupi ya Kiingereza, nami nikaitafsiri: hali ni shwari, wananchi waendelee na shughuli zao, wasisikilize uvumi. Mkuu akanituma barabara ya Tororo na gari la matangazo, kwa sababu ya madereva na wafanyabiashara wa njia hiyo.

Dereva wetu alikuwa Mgisu wa makamo, mtu asiyependa maneno mengi. Tulipofika Busiu alipunguza mwendo, nami nikawasha kipaza sauti na kuanza: "Ndugu wananchi, hali ni shwari…"

Sikumaliza hata sentensi ya kwanza. Mwanamke mzee aliyekuwa akiuza ndizi kando ya barabara alianza kuzirudisha kwenye gunia. Duka la jirani likafungwa, na lililofuata nalo. Nilitazama nyuma nikidhani kuna gari la jeshi linakuja. Barabara ilikuwa tupu.

Dereva akasimamisha gari, akashuka na kuzungumza na yule mama kwa Lumasaba, lugha ya Wagisu. Alirudi akaegemea dirisha langu.

"Anasema Kiswahili cha kwenye spika alikisikia akiwa msichana," alisema. "Kilikuja na wanajeshi. Walisema watu wakae kwa amani, halafu wakaingia majumbani."

"Mwambie sisi ni ofisi ya wilaya."

"Nimemwambia. Anasema na wale walikuwa ofisi."

Nilikaa na karatasi yangu mapajani. Kiswahili kwangu kilikuwa lugha ambayo mama alinibembelezea usingizi. Nikamwomba dereva asome yeye, kwa Lumasaba. Alisoma polepole, akitafsiri kichwani. Watu wachache wakatoka kusikiliza.

Hapo akaja Mkenya mmoja aliyekuwa ameegesha lori la mahindi. Akanisalimia, kisha akauliza, "Sista, huko mbele kuko sawa? Mpakani Malaba wanapitisha malori?"

Sikujua. Nilimpigia mkuu, na kwa bahati simu ikaita.

"Hilo halimo kwenye taarifa," alisema. "Soma kilichomo."

"Watu wanauliza, bwana mkubwa."

"Nimesikia. Soma kilichomo."

Watu walikuwa wakinitazama, na yule mama naye. Nikashika kipaza sauti nikasema, kwa Kiswahili, kwamba tumetoka Mbale asubuhi hiyo na barabara iko wazi mpaka hapo tulipo. Mbele ya hapo hatujui. Dereva akarudia kwa Lumasaba. Mkenya alinishukuru, akaamua kungoja lori litokee upande wa Tororo ndipo aulize. Yule mama alitoa baadhi ya ndizi zake kwenye gunia, nyingine akaziacha humo humo.

Habari ilimfikia mkuu kabla yangu. Aliniita ofisini na kufunga mlango. Hakupandisha sauti.

"Ulisema hatujui."

"Tulikuwa hatujui."

"Mimi pia nilikuwa sijui. Tangu jana hakuna anayepokea simu yangu Kampala." Alivua miwani akaifuta kwa shati. "Lakini kipaza sauti kikisema hatujui, si wewe unayesema. Ni serikali. Mtu akisikia hivyo, usiku anahama na watoto."

Nilimwambia nilichokiona: kwamba waliposikia hali ni shwari ndipo walipofunga maduka. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanipa taarifa ileile niirudie kesho yake.

Niliirudia. Busiu nilisoma kila neno kama lilivyoandikwa, dereva akatafsiri, kisha nikazima kipaza sauti na kushuka. Watu wakaja karibu na gari, wakauliza kuhusu barabara, sukari, ndugu zao walioko Jinja. Nilijibu nililolijua, na nisilolijua nikasema silijui. Tulifanya hivyo kila siku mpaka intaneti iliporudi. Mkuu aliambiwa, nina hakika, lakini hakuwahi kuniuliza.