Faili Niliyoifunga Dada Yangu Akiwa Hai

Wanaowajibika kwa kosa hili ni wawili: afisa wa masjala ya kliniki moja mjini, na mimi. Namtaja yeye kwanza kwa kuwa bado yuko kazini.

Dada yangu mkubwa, mkazi wa Waithaka, aliugua saratani ya damu. Mimi, mstaafu wa masjala niishiye Woodley, nilipimwa nikaonekana kumfaa, nikamtolea seli shina zinazotengeneza damu, akapandikiziwa. Baada ya miezi kadhaa kundi lake la damu, lililokuwa B, likawa O kama langu.

"Tangu unipe hiyo damu yako ya ofisi," alinilalamikia, "naamka alfajiri kupanga vijiko kwa urefu."

"Hayo ni maendeleo, dada."

Hata hivyo kadi yake iliendelea kusema B, jambo ambalo mtu aliyezeekea masjala hawezi kulivumilia. Niliandika barua, nakala tatu, nikidai faili ya zamani ifungwe na ifunguliwe mpya yenye taarifa sahihi. Afisa alitii neno kwa neno. Faili mpya ilisema O. Kuhusu upandikizaji haikusema lolote.

Kisha dada akatokwa na vipele mwili mzima. Seli zangu zilikuwa zinamshambulia, na dawa ya kuzituliza ilionekana haikai mwilini. Daktari mgeni akaagiza kipimo cha jeni, kwani watu hurithi maini yanayovunja dawa hiyo kwa kasi tofauti. Maabara ikachukua damu. Jibu: anaivunja polepole, dozi isiongezwe.

"Ajabu," daktari alisema.

"Daktari, hata hiyo damu si yangu," dada alitania. "Ni ya huyu mzee hapa."

Kalamu ya daktari ilisimama. "Huyu gani?"

Walikuwa wamepima jeni zangu ili kulihukumu ini lake. Zikang'olewa nywele zake chache pamoja na mizizi, kwani hizo bado zilibeba jeni zake mwenyewe, zile zilizoota upya ambazo alikuwa akizionea fahari. Dada akanitazama kana kwamba nimezing'oa mimi. Kumbe ini lake lina haraka. Dozi ikaongezwa, vipele vikapungua.

Niliandika barua kali kwa afisa. Dada aliomba kuisoma kwanza, akachukua kalamu yangu, akaongeza jina langu kando ya la afisa, kisha akamalizia mwenyewe:

"Nyote wawili mnatakiwa kueleza kwa maandishi, ndani ya siku saba, kwa nini mlifunga faili ya mtu aliye hai, na ni nani kati yenu atakayeifungua."