Mwalimu Asiyeshika Kalamu ya Mtu

Mwalimu wa chumba cha msaada wa hesabu hashiki kalamu ya mwanafunzi hata umlilie. Huikalia mikono yake, akainamia daftari na kuuliza taratibu, kama anayeulizia bei: “Hapa umefikaje?” Wiebke, mwanafunzi wa uhandisi, alikuwa amefeli mtihani wa hesabu mara mbili; akifeli kesho, mara ya tatu, kwa sheria ya vyuo hatasoma tena uhandisi popote Ujerumani. Alikuja na mitihani ya miaka sita iliyopita, majibu yote kayakariri. Mwalimu akaisukuma kando kwa kiwiko, akamtajia swali jipya.

“Hili halijawahi kutoka, Mwalimu!”

“Na la kesho je, umeshaliona? Andika, binti.”

Akaandika, akafuta, akaandika tena, shingo imelowa jasho. “Ni sahihi?”

“Unaniuliza mimi? Kesho utanitia mfukoni uingie nami?”

Wiebke akanuna. Kisha akalishika jibu lake, akalirudisha nyuma hatua kwa hatua, mpaka likamtolea swali lile lile alilopewa. “Ni sahihi,” akasema, na safari hii hakumtazama Mwalimu kutaka athibitishe.  Mwalimu alishusha pumzi ndefu, akamtajia swali la pili.