Mwalimu Paskazia na Video za Precious

Tangu nimfahamu Mwalimu Paskazia alikuwa mtu wa hasira, ila zilikuwa hasira za kawaida za mwalimu: chaki zimekwisha, wanafunzi wamechelewa, ratiba imebadilishwa bila mtu kuambiwa. Tulifundisha shule moja ya sekondari huku Ilemela, Mwanza, yeye Kiingereza, mimi Kiswahili, na meza zetu ziligusana. Hasira ninazotaka kuzisimulia ni nyingine. Zilimpata mwaka juzi, na sioni dalili ya kumtoka.

Paskazia ni Mkerewe. Alipokuwa chuoni aliwahi kupelekwa Uswidi kwa miezi michache, akakaa na familia moja ya huko. Jioni ya kwanza mama mwenye nyumba alimuuliza kama angependa kuongeza chakula. Akajibu ameshiba, kama tunavyojibu wote, huku akisubiri abembelezwe. Sahani ikaondolewa mezani. Alilala na njaa karibu wiki nzima kabla hajaelewa kwamba kwa watu wale ukisema umeshiba, basi umeshiba.

Kwa hiyo shirika moja linalopeleka vijana kusoma ng'ambo kwa mwaka mmoja lilipotafuta mwalimu wa kuwaandaa, alikubali bila kuuliza posho. Kila Jumamosi alikutana nao katika ukumbi wa kanisa, ndege zikipita juu ya paa kwenda kutua. Aliwafundisha kufunga mlango wa chumba chao bila kujiona wakosaji. Aliwafundisha kusema "nina njaa" kwa sauti ya kawaida. Aliwafundisha kumtazama mtu mzima machoni, jambo ambalo nyumbani kwao lingewaletea kofi.

Siku moja aliwaambia, "Kule mtamwita mama wa watu kwa jina lake. Tuanze na mimi. Niiteni Paskazia."

Wakatazamana. Mwishowe kijana mmoja akajikaza. "Shikamoo, Paskazia," akasema, akainamisha kichwa, na wenzake wakacheka mpaka wakashika matumbo.

Katika kundi hilo alikuwemo Precious Machibya, binti wa miaka kumi na saba kutoka Buhongwa. Baba yake, Machibya, ni fundi wa friji na viyoyozi, na karakana yake iko kando ya barabara ya Shinyanga. Precious alikuwa msichana mpole, mwepesi wa kuelewa, na mzito kupita wote katika zoezi moja tu, la kukataa. Paskazia alijifanya mama mwenyeji, akamwomba aoshe gari la familia usiku wa mtihani. Precious akasema ataosha. Akamwomba amwachie shajara yake aisome. Precious akasema sawa.

"Sema hapana," Paskazia alimwambia.

"Ataniona sina adabu, Mwalimu."

"Hapana ya adabu ipo. Sema, 'Asante, lakini hapana.' Haya, mara nyingine."

Walikuwa bado wanalifanyia kazi pale msimamizi wa shirika hapa Mwanza, Bwana Obedi, alipoingia na somo lake la mwisho. Obedi ni mtu wa suti na manukato, anayeongea polepole kana kwamba kila neno ni zawadi. Aliwaambia vijana kwamba wao ni mabalozi, kwamba familia zile zimejitolea, na kwamba mgeni mzuri hakatai kitu. Wakiombwa jambo, wakubali. Wakipewa kitu, wafurahi, na furaha ionekane.

Paskazia alimvuta pembeni. "Unabomoa nilichojenga miezi minne."

"Mwalimu, kijana mmoja akileta jeuri, nafasi za wenzake zinafungwa," Obedi alijibu. "Waache washukuru."

Agosti Precious akaondoka kwenda Uholanzi.

Novemba, wakati wa mapumziko, wasichana wa kidato cha tatu walikuwa wamejikusanya kwenye dirisha la darasa wakitazama simu, ambayo hawakutakiwa kuwa nayo. Paskazia akawanyang'anya. Alipoitazama ile simu, uso wake ulibadilika. Akaja nayo mezani kwangu.

Ilikuwa video. Precious amesimama katika jiko jeupe mbele ya friji refu. Sauti ya mwanamke inaeleza kwa Kiingereza, kwa upole, kwamba huyu ni binti yao mpya kutoka Afrika na leo anaona friji kwa mara ya kwanza. Precious anafungua mlango. Anafungua mdomo kwa mshangao, anashika shavu, anacheka. Chini ya video watu maelfu wameweka alama za mioyo na machozi. Zilikuwepo na nyingine: Precious anaoga maji ya moto, yaani anaonekana akitoka bafuni na taulo kichwani huku mama yule akisema hajawahi kuona bomba, Precious anakula jibini, Precious anapanda ngazi za umeme dukani, ameshikwa mkono kama mtoto wa miaka miwili.

"Baba yake anatengeneza mafriji," Paskazia alisema. Alisema taratibu, kisha akalirudia kwa sauti iliyowafanya walimu wengine wageuke.

Siku hiyohiyo alikwenda ofisini kwa Obedi, mjini. Nilimsindikiza kwa sababu niliogopa atakachofanya.

Obedi alikuwa ameziona. Zilimfurahisha. "Zimetutangaza sana," alisema. "Familia mbili mpya zimejitokeza kwa sababu ya Precious."

"Nani aliwaambia kwamba hajui friji?"

Obedi akarekebisha tai. "Hakuna aliyesema friji. Tunapomweleza mwanafunzi, huwa tunasema anatoka mazingira magumu. Wale watu wanapenda kusaidia, Mwalimu. Ukiwaambia baba yake ni fundi, ana nyumba, ana gari la kazi, watauliza sasa sisi tunamsaidia nini."

"Kwa hiyo mmemuuza kama maskini."

"Anasoma bure Ulaya. Hilo nalo ni kuuzwa?"

Paskazia alisimama. Nilidhani atampiga. Alimwelekezea kidole. "Ulimfundisha afurahie kila kitu, tena furaha ionekane. Amekutii. Nenda ukajitazame kwenye ile video, maana yule anayecheza pale ni wewe."

Kesho yake tulikwenda Buhongwa. Machibya alikuwa amepiga magoti nyuma ya friji la duka fulani, akachelewa kuinuka. Ni mtu mkubwa, mwenye mikono iliyojaa makovu ya bati. Alituvutia viti, akaagiza soda, akauliza habari za shule, habari za nyumbani, habari za kazi.

"Baba Precious, umeziona?" Paskazia aliuliza.

"Mteja ndiye alinionyesha," alisema Machibya. "Aliniuliza kama nimemzuia mtoto kuingia karakana. Alikuwa anatania. Nilimrudishia hela yake nikamwambia apeleke friji lake kwingine." Akafuta mikono kwenye ovaroli ingawa ilikuwa safi. "Sijampigia mtoto. Sijui nimwambie nini. Nilidhani labda anatuonea aibu."

Wakampigia palepale, simu ikiwa imewekwa juu ya meza ya kazi. Precious aliposikia sauti ya Mwalimu na ya baba yake kwa pamoja, alianza kulia kabla hajaulizwa kitu.

"Nilimwambia Annelies kwamba tunalo friji nyumbani," alisema. Annelies ndiye mama wa nyumba ile. "Akacheka, akasema najitetea. Akasema, hebu fungua tena, ushangae kidogo, watu watakupenda. Nikakumbuka Bwana Obedi alivyosema. Nikashangaa."

Machibya akageuka upande wa barabara.

"Na ile ya bafuni?" Paskazia aliuliza.

"Hiyo sikujua anarekodi."

Paskazia alifumba macho kwa kitambo. Alipoyafumbua alizungumza kwa sauti ya chini, nami nikajua hapo ndipo hasira zilipokaa mahali pake. "Unataka kurudi nyumbani?"

"Sitaki kurudi. Shule naipenda, nimepata marafiki. Nataka aache tu, na azifute."

"Basi utamwambia wewe. Sisi tutakuwa kwenye simu, lakini utaanza wewe."

Ilikuwa Jumapili, baada ya ibada, walipoonana wote kwa video: Precious na Annelies kwenye kochi moja kule, Paskazia na Machibya kwenye benchi la karakana huku, mimi nyuma yao. Annelies alitupungia mkono kwa furaha. Alikuwa mwanamke mwenye nywele fupi na uso mzuri, na ningependa kusema alionekana mbaya, lakini hakuonekana hivyo.

Precious alisema sentensi zake kwa Kiingereza, akitazama magoti. Sitaki kurekodiwa tena. Zile zilizopo naomba uzifute. Sikuona friji kwa mara ya kwanza nyumbani kwako. Kisha akainua uso, akamtazama.

Annelies alianza kulia. Alisema amempokea kama binti yake wa kumzaa, amempa chumba, amemnunulia koti, na video zile zilitoka moyoni. Alisema watu wengi wameguswa.

"Binti yako wa kumzaa ana umri gani?" Paskazia alimuuliza.

"Kumi na tano."

"Umewahi kumweka mtandaoni akitoka kuoga?"

Annelies alizidi kulia. Precious alikuwa ameweka mkono begani kwake, anamfariji, na hilo lilimkasirisha Paskazia kuliko yote. "Precious, mwache alie," alisema kwa Kiswahili. "Si kazi yako."

Machibya hakujua Kiingereza cha kutosha. Alimwomba Paskazia amtafsirie jambo moja tu. "Mwambie mimi ndiye baba yake. Miezi mitatu amekaa na mtoto wangu, hajawahi kuuliza mimi ni nani."

Video zilifutwa usiku uleule. Siku chache baadaye familia ile ikaliarifu shirika kwamba haijisikii tena kuendelea, na Precious akahamishiwa kwa wazee wawili, mume na mke, wanaofuga nyuki nje ya mji. Hawakuwa waongeaji. Walimwachia ufunguo, wakamwonyesha baiskeli, wakamuuliza anapenda kula nini. Alimaliza mwaka wake hapo.

Lakini nakala za zile video zilikuwa zimeshasambaa, na hakuna aliyeweza kuzikusanya. Aliporudi, vijana wa Buhongwa walimfungulia milango ya friji madukani na kumwomba ashangae. Machibya, mtu mzima na mvi zake, alipigana na mmoja wao, wakaamuliwa na mjumbe wa mtaa. Precious akahamia kwa shangazi yake Misungwi amalizie shule huko.

Obedi naye alimwondoa Paskazia kwenye kazi ya kuandaa vijana. Alisema ameharibu uhusiano. Paskazia hakukaa kimya: alikwenda kwenye mkutano wa wazazi wa kundi jipya, akasimama, akawaeleza jinsi watoto wao wanavyoelezwa kule. Alitegemea ukumbi uwake moto. Ukumbi ulitazama sakafu. Mwishowe mama mmoja, Mama Ayoo, muuza dagaa aliyetoka Rorya, alisimama na kumwambia mbele ya wote, "Wewe ulishakwenda Ulaya, Mwalimu. Ukarudi, ukapata kazi. Sasa unataka kuwafungia wetu mlango kwa sababu ya video? Wamwite maskini. Mimi ni maskini."

Paskazia aliniambia baadaye kwamba alitembea mpaka kwake kwa miguu akitukana njia nzima. Hakumtukana yule mama. Aliwatukana waliomfanya mama mwenye akili zake aone bei hiyo ni halali.

Sasa anawaandaa vijana sebuleni kwake, wa shirika lolote, na wengine huja kwa kuibia, Obedi asijue. Siku ya kwanza huwa hawafundishi chochote. Anamtaka kila mmoja asimame na kueleza anakotoka: baba anafanya nini, mama anafanya nini, nyumbani kuna nini na hakuna nini. Wakipunguza anawakatiza. Wakiongeza anawakatiza vilevile. Wengine wanarudia mpaka jua linazama ziwani, na majirani wamezoea kusikia sauti yake ikitoka dirishani, kali, "Anza tena. Sema ukweli wote, na usiombe radhi."