Mawe ya Paani kwa Bi Zena

Makuti makuukuu yakinyeshewa hutoa harufu ya moshi na samaki mkavu, na kwangu mimi hiyo ndiyo harufu ya elimu. Nilikuwa darasa la saba pale Siyu, likizo ya masika, watafiti walipokodi chumba cha mbele cha bibi yangu, Bi Zena, wakajaza meza zetu mawe. Yalikuwa mawe yaliyochongwa na watu wa zama za kale kabisa: ya kukatia, ya kukwangulia ngozi, na ncha ndogo za mishale zilizong'aa kama kucha zilizotoka kuoshwa. Kwa kuwa mwandiko wangu ulisifiwa chuoni, tulikosomea Kurani, nilipewa kazi ya kuandika lebo. Kila jiwe lilisuguliwa kwa mswaki, likapimwa, likapewa nambari, nami nikaandika jina la mahali lilipookotwa. Niliringa mpaka wenzangu wakaacha kuja kuniita tucheze.

Bibi alipoona tunavyoyaenzi mawe, alipanda ngazi akachomoa paani kifurushi cha kitambaa. Ndani mlikuwa na ncha za mishale nzuri kuliko zote za mezani. Kwetu, mkulima akiokota jiwe la namna hiyo baada ya mvua ya ngurumo, husema limeshuka na radi, na hulificha paani ili radi isiipige nyumba. Bibi alikuwa akiyakusanya tangu alipoolewa, mengine yake, mengine ya majirani waliomletea. Lipi lilitoka shamba lipi, hakukumbuka. Mkuu wa watafiti, bwana mpole aliyetoka Nairobi, akashusha pumzi. Alisema jiwe lisilo na pahali pake halimsaidii sana, kisha akanigeukia: "Andika, mahali hapajulikani."

"Hapayuwikani vipi, Bwana," bibi akamuuliza, "nami nimeketi hapa?"

Akaelezwa kwa adabu. Bibi akaanza kukikunja kile kitambaa kitupu, polepole, pembe kwa pembe. Moyo uliniuma, kisha ukanichemka. Miaka yote hiyo ameyalinda, leo yanaingia kabatini kama mayatima! Nikashika kalamu, nikaandika kwa herufi zangu bora: Paani kwa Bi Zena, Siyu. Nikaandika tena na tena, mpaka mawe yake yote yakaisha.

"Binti, nimesemaje?"

"Nimesikia, Bwana. Lakini huko ndiko yalikotoka."

Akanipokonya kalamu, akazichana lebo zangu mbele yangu, na kazi yangu ikaishia hapo. Bibi hakuwa mtu wa kuvumilia mtoto amjibu mkubwa. Siku hiyo alinipakulia mimi kwanza.

Leo mimi ndiye ninayeorodhesha mawe ya kale. Nikiinama kuokota jiwe, simu hutaja mahali lilipo kabla sijainuka, na vijana ninaofanya nao kazi hudhani shughuli imekwisha. Nakubali kwamba yule bwana hakukosea kuhusu sayansi yake, maana jiwe lililohamishwa hupoteza habari nyingi. Lakini aliyelihamisha ni mtu, na mtu ana jina. Nikiletewa jiwe lililokaa nyumbani mwa watu, huuliza nani alilitunza, na jina lake naliandika, na la mtaa wake pia. Wakubwa wangu wamenionya kwamba fomu haina nafasi ya mambo hayo. Nafasi naichora mwenyewe, kwa rula.